Nilivyomkimbia Baba Mkwe Nyuma ya Ramani ya Marekani

Leo nimeaibika, jamani. Siyo aibu ya kujikwaa ukajicheka ukaendelea na safari. Ni aibu ya ukumbi mzima, na maiki ikiwa imewashwa.

Mnaonijua mnajua nilivyoitafuta kazi hii. Nafasi moja tu ya mhadhiri msaidizi wa masomo ya ramani, kwenye chuo kimoja hapa Mbeya (sikitaji, bado nakihitaji). Tangu nimalize masomo naishi kwa kuchorea watu michoro ya viwanja pale Mwanjelwa, na kusikiliza kesi zao za mipaka ambazo hata sijaulizwa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya usaili. Unasimama mbele ya jopo, unafundisha kipindi kimoja, wao wanaamua. Ukipita, unapata ofisi yenye mlango. Ukianguka, unarudi kwenye viwanja vya watu.

Mada nilichagua mwenyewe: ramani za jinsi watu wa mtaa mmoja mmoja wanavyopiga kura kuchagua wabunge wa Kongresi ya Marekani. Msiniulize kwa nini Marekani. Haya, ulizeni. Kwanza matokeo yao, mpaka ya kituo kimoja kimoja cha kupigia kura, mengi yapo mtandaoni bure, unashusha tu. Pili, ukichora ramani ya kura za hapa nyumbani, nusu ya ukumbi watakuwa wamenuna kabla hujamaliza utangulizi. Nikasema Marekani ni mbali, hakuna mwenye ndugu humo, nitaongea kwa raha zangu.

(Msicheke bado.)

Sasa kwa wasionifahamu: mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu. Na kwenye ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawajagombana, ni heshima tu. Ukisikia anakuja, unapisha. Humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, hata jina lake hulitaji. Mkikutana njiani unachepuka, unachuchumaa, unageuza uso mpaka apite. Wanawake wengi wa mjini wameshaacha. Mimi sijaacha, kwa sababu mashangazi wa mume wangu walinikalisha chini wakanifunda hilo kuliko mengine yote, na nilitaka waone kwamba Mhehe naye anafundishika. Nimeshajificha kwenye banda la kuku. Nimeshaingia shamba la chai la mtu nikiwa na viatu vya kanisani.

Kwa hiyo uso wa baba mkwe siujui. Nawaambia ukweli. Harusini nilikuwa nimeinamisha kichwa muda wote, na kwenye picha kofia imemfunika. Mimi namjua kwa kofia yake ya pama nyeusi, koti lake refu la kijivu na kikohozi. Buti zake za kahawia ndizo nazijua kuliko vyote, maana macho yangu huwa chini.

Asubuhi napiga pasi gauni, mume wangu Ambakisye akatoka bafuni na mswaki mdomoni.

"Baba yuko mjini leo. Nimemwambia kuhusu usaili wako."

"Umemwambia ili iweje?"

"Kila siku anaulizia kazi yako. Kule nyumbani anawaambia watu mkwe wake anapaka rangi. Nikamwambia akipata nafasi apite pale, akae nyuma, asikilize."

"Ambakisye. Baba yako na mimi, chumba kimoja?"

"Siyo chumba, ni ukumbi."

Nilimtazama yule mwanaume. Nikamalizia kupiga pasi.

Chuoni skrini yao imechanika, tulishaambiwa kila mmoja aje na kitambaa chake cheupe. Mimi kitambaa cheupe nilichonacho ni shuka. Lile shuka la zawadi ya kicheni pati, lenye maua pembeni. Nikalitundika kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha, nyuma yake ikabaki nafasi ya mtu kupita. Projekta ikawashwa, Marekani ikatokea, maua yakawa baharini. Wakanibana maiki ndogo kwenye kola. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mpole wa miwani, akasema mjumbe wao anayetoka Iringa basi lake limechelewa, tuanze tu.

Nikaanza. Na niseme bila aibu, nilikuwa moto. Nikaeleza nyekundu ni chama kipi na bluu kipi. Nikaonyesha miji ilivyo na bluu na mashamba yalivyo na nyekundu. Nikawaonyesha mstari wa jimbo la uchaguzi unavyoweza kupindishwa, ukakwepa mtaa huu ukaukumbatia ule, mpaka jimbo linafanana na nyoka aliyemeza kuku. Jopo wakacheka vizuri, kicheko cha kukupa kazi. Nikauona ule mlango wa ofisi na jina langu juu yake.

Mlango uliofunguka ukawa wa ukumbi.

Kofia ya pama nyeusi. Koti refu la kijivu. Nikashusha macho haraka, nikakutana na buti za kahawia. Na hazikwenda nyuma! Zilikuja moja kwa moja hadi safu ya mbele, zikasimama, zikakaa. Kisha akakohoa.

Miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nyuma ya shuka.

Huko nyuma ndipo nikakumbuka shuka lenyewe ni la wapi. Shuka la kitandani kwangu, limetundikwa mbele ya baba mkwe, limepigwa taa. Mungu wangu. Nikatamani kulishusha, lakini likishuka ananiona. Nikaamua kufundisha hukohuko.

"Sasa tuangalie pwani ya mashariki," nikasema kupitia maiki, nikasukuma shuka kwa kidole.

Ukumbi ukanyamaza. Nikaona wamevutiwa.

"Hapa mashariki kuna miji mikubwa, watu wamebanana, na kura zao mnaziona. Tukishuka chini kidogo tunakutana na Florida." Nikasukuma kidole kingine. Florida niliiona imekosa mkia. Nikasema moyoni, ni mkunjo wa shuka. (Mimi, mtaalamu wa ramani. Ramani unayoiangalia kwa nyuma imegeuka, kushoto imekuwa kulia, mtoto wa shule ya msingi analijua hilo.)

"Samahani," mjumbe mmoja wa jopo akasema, "hiyo ni Marekani ipi?"

"Ni hiihii moja."

"Maana huku kwetu hiyo Florida yako ni Kalifornia."

Wengine wakaguna. Mwenyekiti akaingilia kati kwa upole. "Mtahiniwa, tunaomba urudi mbele."

"Naendelea vizuri tu huku, mwenyekiti."

"Hatukuoni."

"Ramani ndiyo ya kuangaliwa, mwenyekiti."

"Kuna tatizo?"

Ningejibu nini? Kumtaja siruhusiwi. "Yupo mtu humu ukumbini ambaye sitakiwi kuonana naye," nikasema. Nikasikia viti vinasogezwa na watu wananong'ona. Baadaye nimeambiwa nusu ya ukumbi walidhani nimekopa mahali.

Halafu nikasikia kikohozi, na buti zikaanza kutembea. Zilikuwa zinakuja kwangu. Kivuli cha kofia kikatokea kwenye shuka, kwanza kimefunika Teksasi, kikasogea kikafunika wakulima wote wa katikati. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ubao. Sikuelewa kabisa. Mzee mwenyewe ndiye mwenye mila, sasa ananifuata nini? Mkono ukashika pembe ya shuka, penye maua, ukaliinua.

Nikafanya nilichofundwa. Nikachuchumaa, nikageukia ukutani, nikajifunika uso kwa karatasi zangu za maelezo, nikatulia tuli. Gauni la usaili likagusa chaki.

"Kamwene, binti," sauti ikasema.

Kamwene? Hiyo ni salamu ya kwetu Iringa. Baba mkwe wangu Mnyakyusa ajifunze Kihehe lini?

"Kamwene," nikamwambia ukuta.

"Unajificha nini huko?"

"Namkimbia baba mkwe."

"Yuko wapi?"

Nikatazama chini ya kwapa langu. Buti zilezile, lakini hizi zilikuwa na kamba nyekundu. Kamba nyekundu sijawahi kuziona Tukuyu.

"Nilidhani ni wewe," nikasema.

Yote hayo yalikuwa yanapita kwenye maiki, ndugu zangu. Ukumbi mzima ulipasuka. Kuna mtu nyuma huko alicheka akaishiwa pumzi, wakampeleka nje akapate hewa. Nilipoinuka na kugeuka, mbele yangu alikuwa mzee ambaye sijawahi kumwona maishani, ana beji ya chuo shingoni. Yule mjumbe wa jopo aliyechelewa. Daktari wa masomo ya ramani kutoka Iringa, aliyesafiri tangu alfajiri kuja kunisikiliza mimi.

"Hukuujua uso wangu?" akauliza.

"Hata wa baba mkwe siujui, Dokta. Ninachojua ni kofia na koti."

"Hivi vyote nimevinunua Mwanjelwa, kwenye balo la mitumba."

"Nadhani naye pia."

Mwenyekiti alikuwa amevua miwani anafuta machozi. Mimi nilitaka kulia kweli, niseme tu. Miezi yote ile ya kuandaa ramani, macho yamechoka kwa kupaka nyekundu na bluu vituo vya kura vya watu nisiowajua, halafu nimeipoteza kazi kwa ajili ya kofia ya mtumba. Nikaanza kufungua shuka langu polepole nikalikunja, ili mikono ipate cha kufanya.

"Subiri," mwenyekiti akasema. Wakainamiana, wakanong'onezana, wakacheka tena kidogo, wakarudi kuwa serious. "Ile nusu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Nusu ya pili umetufundisha Marekani iliyogeuzwa, hiyo hatuwezi kuipa alama. Rudi kesho asubuhi, umalizie ukiwa mbele ya ramani. Ukijificha tena, tunampa nafasi mwingine."

"Na mimi nitakuja kichwa wazi," Dokta akasema, akaivua kofia. Ana upara mzuri, sura ya upole. Hana hata kitu kimoja cha kukimbiwa.

Nilitoka pale naelea. Nimepewa siku nyingine! Njia nzima narudia kimoyomoyo, mashariki kulia, magharibi kushoto, simama wima, watazame watu usoni.

Nyumbani nikamsimulia Ambakisye. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamuuliza, na baba yako je? Kumbe mzee hakusogea chuoni hata kidogo. Alikuwa sokoni anatafuta jembe, akasema yeye anaujua mwiko, hawezi kwenda kumsumbua mke wa mwanaye kazini. Mzee wa watu! Nikaona nimemdhulumu bure.

Ambakisye akampigia simu palepale amhadithie. Mimi nikatoka nje, kwa sababu hata sauti yake kwenye simu huwa naipisha. Nikawa nasikia tu mume wangu anacheka, ananyamaza, anashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga baba, anacheka tena. Akatoka uso unang'aa.

"Baba amefurahi sana. Anasema hajawahi kusikia mkwe mwenye heshima namna hiyo, mpaka unamkimbia mtu aliyevaa kofia kama yake tu. Ameshawapigia ndugu zake wote."

"Mungu ambariki."

"Kasema mkwe kama huyo lazima aungwe mkono. Kwa hiyo haondoki tena leo, analala mjini. Kesho anakuja mwenyewe na baba zangu wadogo, na kasema watawahi safu ya mbele."

Ndugu zangu, furaha imemsahaulisha mzee ule mwiko, mimi haujanitoka. Kazi naitaka na mzee namheshimu, na kesho saa tatu vyote viwili vitakuwa ukumbi mmoja. Mwenye ushauri anitumie kabla hakujakucha. Mwenye kicheko achekee kwake, kwa bando lake.