Msemaji wa Picha ya Kimya

Jumanne, 3 Agosti 1954

Gari la sinema limefika Mbugani, kwenye soko letu. Picha zake hazina sauti, kwa hiyo lina msemaji wa kuzieleza kwa kipaza sauti. Msemaji huyo koo limemharibikia, anarudi kwao Mbeya. Bwana Sinema, Mzungu mwenye gari, anatafuta mwingine. Mshahara wa kila mwezi, kofia, na kiti cha mbele! Kazi hii ni yangu. Nani mwingine hapa Ipyana ameona picha kumi na moja, tisa kati yake vitani, Ceylon, akiwa na viatu miguuni?

Nimemwambia mke wangu, Rut, kwamba shida zimekwisha. Ameniuliza kama zimekwisha na za leo, maana ndizi za kupika hakuna.

Jumatano, 4 Agosti

Ezra naye ameomba. Ezra muuza usipa! Kweli sauti anayo, akitangaza dagaa zake Mbugani watu wanageuka mpaka ng'ambo ya mto. Lakini sinema anajua nini? Bwana Sinema atatupima Jumamosi jioni mbele ya watu, kila mmoja na picha yake.

Leo ametuonyesha picha mbili ndani ya ghala, tuchague. Ya kwanza, mtu mnene anamkimbiza kuku mpaka anaanguka kisimani. Ezra amecheka hadi kukaa chini. Ameichukua hiyo hiyo.

Ya pili Bwana aliipiga mwenyewe Bujonde mwaka juzi. Mzee anachana mianzi ya kujengea. Basi. Hakuna kuku, hakuna kisima. Anachana, anapumzika, anafuta kisu kwa kidole. Kuna mwanzi mmoja mrefu unaotaka watu wawili. Mzee anashika upande mmoja, anatazama njiani. Hakuna mtu. Anachana mingine. Anatazama njiani tena. Mwishowe anaunyanyua peke yake, polepole, ukimyumbisha, anaufikisha.

Nimelia. Kwanza, ni picha nzuri kuliko zote kumi na moja. Pili, mzee yule ni baba yangu, Nsajigwa. Tatu, siku ile mtu aliyetakiwa kushika upande wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeahidi. Nilikuwa Itungi, natafuta soko la mafuta ya mamba. Halikupatikana.

Sikumwambia Bwana hayo. Nimemwambia tu naitaka hiyo.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepata mbinu ya ushindi. Sitasema kitu! Ezra atapiga kelele, mimi nitawaachia watu wamtazame mzee wenyewe. Bwana ataona tofauti ya msomi na muuza usipa.

Rut ameleta pingamizi. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimsikia anakuja, anajificha migombani au anajifunika nguo kichwani mpaka apite. Miaka sita ya ndoa, Rut hajaona uso wa baba. Sasa anauliza atakaaje mbele ya hiyo picha. Nimemweleza kwa upole kwamba picha si mtu, ni mwanga juu ya shuka. Ameuliza kama mwanga huo una macho. Nimesema yapo. Amesema basi.

Huu ni ushamba. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika, na ugali wa jioni nimekula peke yangu.

Jumamosi, 7 Agosti

Mbugani imejaa. Ezra alianza. Alimpigia kelele kuku, alimpigia kelele mtu mnene, katikati akatangaza na bei ya usipa. Watu walicheka hadi watoto wakapaliwa. Nilimhurumia kwa kukosa ladha.

Zamu yangu. Nikashika kipaza sauti, nikasema neno moja, tazameni, nikanyamaza.

Uso wa baba ukatanda shuka zima. Veronika, mke wa kaka yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alijifunika kichwa akakimbia. Wakafuata wakamwana wote wa ukoo wetu, kisha wa ndugu zake baba, na kwa ndugu za baba hatuna upungufu. Vigoda vilipinduka. Wengine walikosa njia, wakainama palepale na nguo vichwani, migongo kwa shuka. Rut alikuwa mmoja wao. Kumbe alikuja.

Waliobaki wakatulia. Nasema kweli, wakatulia kabisa. Baba alipotazama njiani mara ya pili, bibi mmoja mbele alimwambia pole, tata, pole baba, atakuja tu. Hapo nikashindwa kujizuia. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni, Mbugani nzima imesikia mtu mzima akivuta makamasi.

Bwana alikuja mbio akauliza kama wale wanawake waliojifunika wanalia. Nikaona mlango umefunguka. Nikasema ndiyo, Bwana, wameguswa mno, hawawezi hata kutazama. Akanishika mkono kwa nguvu. Ezra, aliyesimama nyuma yetu, akamweleza habari ya wakwe. Hakutumia hata dakika moja.

Bwana hakukasirika. Alisema tu kwamba msemaji lazima aseme, na tena aseme kweli. Kofia amepewa Ezra. Inambana.

Jumapili, 8 Agosti

Sikwenda kanisani. Rut amerudi kutoka huko, amekaa karibu nami, jambo ambalo sikulitegemea. Ameuliza mzee alikuwa anafanya nini kwenye picha, maana alisikia watu wamenyamaza. Nimemsimulia yote, mpaka kisu na kidole. Akauliza alikuwa anamsubiri nani njiani. Nimesema sijui, ndivyo picha za namna hiyo zilivyo. Amenitazama muda mrefu, kisha akanipa ndizi iliyokuwa ya mtoto.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimekwenda Bujonde kumwona baba. Habari za picha amezisikia, hajali. Anachojali ni paa la jiko, limeinama na mvua haziko mbali. Ameniomba nije Jumamosi tupandishe mianzi, wawili. Nimesema nitakuja, baba. Amesema ndaga fijo, asante sana mwanangu, amefurahi kweli.

Jioni nimepata habari kwamba gari la sinema litakuwa Mwaya Jumamosi hiyo hiyo, kisha halirudi hadi mwakani. Na mimi nimepata wazo kubwa kuliko yote! Nitamfuata Bwana Sinema nimweleze picha mpya, ya kimya, nzuri ajabu: mzee anajenga, mwanawe ameahidi kuja kumsaidia, mzee anasubiri. Nani anaijua hadithi hiyo kunizidi mimi?

Nitatuma mtu Bujonde amwambie baba aanze na mianzi ile myepesi.