Beki wa Kushoto Anayeinama Kupita Kiasi

Evere, Brussels
Jumatano, 7 Mei 2014

Kwako Mzee Zuberi, Mwenyekiti wa timu yetu ya Jumapili,

Assalaam aleykum. Baada ya kukutakia afya njema, wewe pamoja na goti lako, naandika mimi Kadiri, mshambuliaji wako, mabao kumi na tisa msimu huu, kulalamika juu ya beki wetu wa kushoto, Bwana Kuramochi, Mjapani. Yeye ana bao moja, nalo ni mpira uliomgonga kisogoni akifunga kamba za viatu. Hata hivyo watoto wote uwanjani wanaimba jina lake. Langu hawalijui, na watatu kati yao ni wapwa wangu.

Kwanza, kalenda ya timu. Yeye yuko Januari, Mei, Agosti na kwenye jalada. Mimi nimepewa Februari, mwezi mfupi kuliko yote, tena nusu ya uso imefunikwa na bendera ya kona.

Pili, anawahi. Mechi ya saa nne, saa tatu na nusu yuko pale anafunga nyavu. Sisi tunaofika saa nne na robo, kama ilivyo desturi, sasa tunaitwa wachelewaji. Mechi ikiisha anaokota chupa. Mzee, chupa zile nilizitupa mwenyewe, kwa hiari yangu.

Tatu, kuinama. Anawasalimu kina mama kwa mikono miwili, kiuno kimekunjika. Bi Nuru anayetupikia pilau alimwekea paja zima la kuku, kisha akanigeukia: "Bon, huyu mutoto alilelewa. Weye ulikomaa tu." Nikapewa shingo.

Nne, na hapa ndipo moyo unaniuma. Mwaka huu amechukuliwa kuwa mshenga kwenye posa tatu. Kiswahili chake ni "asante" na "inshallah". Anainama, ananyamaza, na posa zote tatu zimekubaliwa kabla chai haijapoa. Mimi niliyezaliwa na Kiswahili mdomoni nilikwenda kumposea binamu yangu Fahad, tukafukuzwa tukiwa bado tunavua viatu.

Kwa hiyo naomba aamriwe kuchelewa, na ateme mate uwanjani walau mara moja kila kipindi. Akikataa, afukuzwe leo leo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nimetembea mpaka soli zimeisha.

Nisalimie Mama Sudi, watoto, na yule jirani yenu wa ghorofa ya tatu asiyependa kelele zetu.

Ni mimi mchezaji wako mtiifu, nisiyeinama,
Kadiri

N.B. Tafadhali asifukuzwe kabla ya Jumapili. Jumamosi saa tisa namhitaji mtaa wa Anderlecht, nyumbani kwa Mzee Hamadi, baba yake Mwanvua. Nampenda Mwanvua mwaka wa nne sasa. Baba yake amenikataa mara mbili, na mara ya mwisho aliniambia nikirudi, nirudi na mtu. Mwambie Kuramochi avae ile suti nyeusi, na anifundishe kuinama. Nimejaribu mbele ya friji, mgongo ukakwama. Kalenda yetu imetundikwa jikoni kwao. Kila asubuhi mzee hufunua Mei, na kila asubuhi, akishatoka, Mwanvua huirudisha Februari.