Mbuzi wa Kuondoa Huzuni

Jumatatu, 7 Oktoba 1957. Bwera.

Mvua tangu alfajiri. Ninaanza daftari hili kwa Kiswahili, si kwa majivuno, bali kwa sababu binti yangu Enid hukisoma kwa shida, na humu nitalazimika kumtaja. Namwomba radhi mapema.

Jana alikuja kutoka Kasese, ambako mumewe ni karani wa reli. Alinikuta nimeketi gizani mchana, moto umezimika, chai imefanya utando. Alisema tangu mama yake afariki, hii ni Oktoba ya tatu ananikuta hivyo mawingu yakishuka mlimani. Atarudi Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, na akinikuta tena kama kuku aliyenyeshewa, atafunga vitu vyangu na kunihamishia kwake. Kuna chumba nyuma ya jiko. Treni hupita karibu.

Nilimshukuru kwa moyo wake mwema. Sitaki kwenda. Mke wangu Ketura amelala hapa nyuma ya nyumba, kati ya mibuni aliyoipanda mwenyewe, nami humwamkia kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Huko Kasese sitakuwa na wa kumwamkia ila injini.

Basi nina siku kumi na mbili za kuwa mtu mwenye furaha.

Kwa rehema za Mungu, njia ninayo. Misi Tindali, aliyetufundisha shuleni misheni kabla nami sijawa mwalimu, sasa ni bibi kizee huko Uingereza, na barua yake ya mwaka huu inaeleza jinsi anavyojichangamsha wakati wa baridi, jua linapotua saa kumi alasiri. Hutembea kila asubuhi. Humwalika jirani kwa supu ya moto. Hufuma soksi. Huketi dirishani akatazama theluji. Anasema mambo madogo ndiyo yaletayo furaha. Nimeyanakili yote katika karatasi safi, nikayapangia siku na saa.

Hatuna baridi ya Ulaya, lakini huzuni nadhani ni ile ile. Hata theluji tunayo, mlimani, juu ya vichwa vyetu, ila mawingu yameificha tangu Septemba. Nimeanza na hiyo. Nimeketi dirishani saa nzima nikitazama mahali ilipo.

Furaha: hakuna.

Jumanne, 8 Oktoba.

Matembezi. Kofia, mwavuli, fimbo. Sikuchukua jembe wala kikapu, kwa kuwa Misi Tindali anasisitiza mtu atembee bila shughuli yoyote. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, mzee hatoki asubuhi katika mvua, mikono mitupu, ila anapeleka habari ya msiba.

Mtu wa kwanza aliuliza ninakwenda wapi. Nilimjibu kwa adabu kwamba siendi popote. Akavua kofia. Wa pili aliuliza kama ni mtu wa karibu. Nilisema hapana, natembea kwa ajili ya furaha yangu tu. Akamwambia mwenzake kwamba majonzi yamenichanganya akili.

Niliporudi nyumbani niliwakuta wanawake watano uani, wamebeba kuni na ndizi, mmoja amekwisha kuanza wimbo. Wakauliza nani amefariki. Niliomba radhi kwamba hakuna. Walinitazama kama mtu aliyewanyima kitu. Lakini ndizi zilikuwa zimekwisha kumenywa, kwa hiyo wakakaa. Tulikula pamoja hadi saa tisa. Walimkumbuka Ketura, jinsi alivyobishana na wauza chumvi mpaka wakampunguzia bei ili aondoke tu, na mmoja akaigiza mkono wake kiunoni. Tulicheka hadi mwenye wimbo akapaliwa.

Siku imeharibika kabisa. Matembezi hayakuzidi nusu maili.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Supu. Jirani yangu Abubaker husafirisha chumvi ya Kabatoro kwa lori. Ni mtu mwema. Naandika hivyo kwanza. Lakini baraza yake hujaa watu hata mvua ya mawe ikinyesha, wakicheza bao na kupiga kelele, wala hana orodha yoyote. Nakiri jambo hilo hunichoma.

Nilimwalika saa kumi kamili. Nilipika supu ya maboga na maharage, nisije nikamkwaza kwa nyama ambayo haikuchinjwa kwa utaratibu wao. Alikuja saa kumi na moja na nusu, pamoja na utingo wake Kasim, ubao wa bao, na kuku aliyemchinja mwenyewe. Alionja supu yangu mara moja. Akasema, "Muze, hii ni supu ya mugonjwa. Wewe iko mugonjwa?" Nilimhakikishia kwamba sijambo. Wakampika kuku katika sufuria yangu.

Baadaye Kasim aliiga jinsi lori lao linavyokwama katika matope ya Muhokya, kwa mdomo na mabega, gia moja baada ya nyingine. Sikuweza kufuatilia vizuri. Nilikuwa nikiingia chumbani kila robo saa kuandika kiwango cha furaha yangu. Matokeo: sifuri, sifuri, sifuri, moja (lori liliporudi nyuma), sifuri.

Waliondoka wakinishukuru kwa karamu. Karamu ilikuwa ya kwao. Niliwaomba radhi.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Imebaki wiki moja. Kufuma.

Uzi mwekundu wa sufu niliupata dukani. Sindano za kufumia hazikuwapo, kwa hiyo nilichomoa vyuma viwili vya gurudumu la baiskeli yangu, nikavinoa. Nimefuma tangu saa tatu asubuhi. Kufikia jioni nilikuwa na kitu chekundu chenye urefu wa mkono na upana wa kidole, na baiskeli isiyokwenda.

Abubaker alipita akauliza kama nasuka mtego wa panya. Nilimweleza kwamba ni soksi. Hakucheka mbele yangu. Nilimsikia alipofika kwake. Hata hivyo alirudi, akanishauri nikamwone Bibi Sarah wa Karambi, mjane wa mwinjilisti, ambaye hufuma kofia za watoto. Alisema mikono yake haina mfano. Alilisema mara mbili, akinitazama. Sikuelewa kwa nini.

Jumanne, 15 Oktoba.

Nimekwenda Karambi kwa miguu. Safari hii nilibeba jembe, ili pasiwe na msiba.

Bibi Sarah hakunipa pole hata moja, jambo lililonishangaza, kwa maana tangu Ketura afariki sijaingia nyumba ya mtu bila kupewa pole. Aliishika soksi yangu juu mbele ya mlango. "Mwalimu," akasema, "mguu huu ni wa nani? Wa nyoka?" (Alisema kwa Kikonzo, nimejitahidi kutafsiri.) Akaifumua yote, akaniazima sindano, akanianzisha upya. Kila nilipokosea aliomba radhi kabla yangu, kwa sauti yangu, hata mjukuu wake akaanza kufanya vivyo hivyo.

Tulizungumza. Aliniuliza habari za Ketura, naye akanieleza juu ya waume zake wawili. Wa pili, Mungu amrehemu, alikoroma kiasi kwamba wakati wa masika hakujua kama ni mume au ni ngurumo. Nilipoinua kichwa, mvua ilikuwa imekatika na watu wakirudi kutoka mashambani.

Uzembe mkubwa. Saa mbili nzima, na sikupima furaha hata mara moja.

Nilimwomba radhi kwa kuja bila zawadi. Alisema nisijali. Lakini mtu aliyelelewa vyema hawezi kutojali. Nimeazimia kumlipa ada ya mafunzo. Kuku ni kidogo. Nitampa mbuzi.

Alhamisi, 17 Oktoba.

Naandika haya nikiwa bado na tai shingoni.

Najua vyema kwamba kwetu Bukonzo mahari ni mbuzi kumi na wawili, na kwamba mbuzi akiingia katika nyumba yenye binti, hata mtoto anyonyaye huelewa. Lakini Bibi Sarah ana wajukuu tisa, nami nina miaka sitini na minne na goti moja tu linalofanya kazi. Niliamini hakuna atakayefikiri hivyo.

Nilimwomba Abubaker nafasi katika lori. Kwa heshima ya mwalimu wangu wa kufuma nilivaa koti na tai. Abubaker alitazama tai, akamtazama mbuzi aliyekuwa juu ya magunia ya chumvi pamoja na Kasim, kisha akapiga honi kutoka Bwera mpaka Karambi. Nilimsihi kwa upole aache. Akasema, "Muze, jambo kama hii haifanyikagi kimya." Watu walitoka kwenye migomba kutupungia. Niliwapungia pia, nisionekane mwenye kiburi.

Bibi Sarah alikuwa shambani. Walitupokea kaka zake, Thembo na Maate. Walinipa kiti. Walimkagua mbuzi meno, macho na kwato. Thembo akasimama, akasema mbuzi ni mzuri, mtu aliyemleta wanamfahamu, na wamebaki kumi na mmoja.

Nilielewa mara moja. Lakini kumkatiza mwenyeji akiwa amesimama ni utovu wa adabu, na alipoketi, Maate alikuwa amekwisha kusimama. Alizungumza muda mrefu, kwa ufasaha. Mwishowe wakaniuliza kama nina neno.

Nilisema nashukuru.

Wakapiga makofi. Abubaker alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumamosi, 19 Oktoba.

Enid amekuja na kuondoka. Nitaandika kwa utaratibu.

Nilikuwa nimefagia, nimewasha moto, nimeketi mlangoni na soksi mkononi, nikitabasamu tangu saa moja. Kufikia saa nne mashavu yaliniuma. Enid alishuka akiwa na magunia mawili matupu ya kutilia vitu vyangu. Aliniuliza kama jino linanisumbua.

Kabla sijajibu, Thembo na Maate waliingia uani. Walikuja kuikagua nyumba, kama ilivyo haki yao. Enid aliuliza hawa ni nani. Maate, ambaye hapungukiwi na maneno, alimwambia kwamba wao ni wajomba zake wapya. Enid akayatandika magunia chini, akayakalia.

Kutoka hapo chini aliniuliza, "Tata, unaoa?" Nilimjibu kwamba sikukusudia, ila nimechelewa kukanusha. Akasema basi imekwisha, baba yake amepotewa na akili, ataondoka naye leo hii, na kitanda kitafuata. Nilitazama upande wa mibuni.

Hapo ndipo Bibi Sarah alipofika, matope hadi magotini, akimvuta mbuzi kwa kamba. Habari zake mwenyewe alizipata sokoni. Alianza na kaka zake. "Mmenioza mara mbili," akasema, "na mara mbili nimezika. Nani kawaambia natafuta kaburi la tatu?" Thembo alisema walifikiri. Akamwambia aache kufikiri, hajazoea. Kisha akanigeukia mimi: mbuzi anamrudisha, lakini Jumanne nije, maana kisigino cha soksi bado, na sindano zake ninazo.

Enid alimwomba amsamehe baba yake, ni huzuni. Bibi Sarah akasema, "Binti yangu, huyu hana huzuni kuliko sisi wengine. Ana orodha." Akamwambia kwamba Jumanne nilicheka mara tatu, na kila mara niliomba radhi. Enid aliniuliza kama ni kweli. Nilisema siwezi kuthibitisha, kwa kuwa sikuandika.

Binti yangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa gunia. Alikwenda peke yake nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Aliporudi alisema nitabaki, kwa sharti kwamba kila wiki apate habari zangu kutoka kwa mtu mwenye akili timamu. Hakumtazama yeyote miongoni mwetu wanaume. Bibi Sarah alikubali kumtuma Kasim na salamu kila lori linapokwenda Kasese.

Thembo akasema mbuzi aliyesafiri mara mbili si haki asafiri mara ya tatu. Aliitwa Abubaker amchinje, ili wote tule. Walikula, wakacheza bao, Kasim alikwama tena Muhokya. Enid alimshinda Abubaker mara mbili, naye akadai mvua ilimwingia machoni. Nilisahau kabisa saa ya supu, saa ya dirisha, na matembezi.

Jumapili, 20 Oktoba.

Nimemwamkia Ketura, nikamweleza kwamba nabaki. Kanisani nilipigwa bega kwa pongezi na watu ambao siwafahamu.

Nimemwandikia Misi Tindali kumshukuru. Orodha yake imefanya kazi barabara, na nimemweleza kwamba mafanikio hasa yametokana na kufuma, ingawa nashuku theluji nayo imechangia kutoka huko ilikojificha.

Lazima niseme ukweli: jana wakati wa kuondoka, Bibi Sarah aliniambia kwamba ugonjwa wenyewe ni orodha, na kwamba kila nilipofurahi nilikuwa nimeisahau. Nimelipokea neno hilo kwa unyenyekevu. Nimeliongeza kwenye karatasi, chini ya soksi: Jumanne, saa tisa mpaka saa kumi, kusahau orodha. Nitachukua saa, nisije nikapitiliza.

Limebaki jambo moja linalonikosesha raha. Thembo na Maate walikemewa mbele ya watu nyumbani kwangu, kwa kosa lililoanzia kwangu. Mtu hawezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu. Nimewachagua mbuzi wawili, mmoja kwa kila kaka, wadogo kabisa, ili pasiwe na tafsiri yoyote. Abubaker anapita Karambi keshokutwa. Nimemweleza waziwazi kwamba ni wa kuomba radhi tu. Amesema ameelewa, na ameanza kuosha lori.