Kopo la Kudakia Oili na Harusi ya Emiliana

Jumatatu, 8 Julai 2024

Kikao cha harusi kwa dada Serafina, Masuguru, hapa Korogwe. Bibi harusi ni binti yake, Emiliana. Anaolewa Handeni Jumamosi hii. Kwetu mjomba ndiye anayempeleka bibi harusi kwa gari na kumshusha mlangoni pa kanisa kwa mkono wake. Mjomba ni mimi, Habakuki. Emiliana hana mwingine.

Hiza akanyoosha mkono. Hiza ni baba mdogo wa bibi harusi. Ana gari jipya jeupe, na hupenda kuliegesha mahali ambapo kila mtu atalazimika kulizunguka. Akasema kwa upole sana kwamba gari langu linafuka moshi wa bluu na shela ni nyeupe. Wajumbe wakaitikia kwa pamoja. Wamelishwa nini hawa?

Dada akatoa uamuzi. Ijumaa jioni atasimama nyuma ya gari langu. Likitoa moshi, Hiza atampeleka Emiliana na mimi nitasafiri na masufuria kwenye gari la chakula. Nimeumia. Mtoto yule nilimbeba mgongoni akiwa na surua, leo nashindanishwa na bampa.

Jumanne, 9 Julai

Fundi Yordani alifungua boneti, akasikiliza, akasema ringi za pistoni zimechoka. Mvuke wa oili unapanda kwenye mpira wa kupumulia injini, unaingia njia ya hewa, unaungua, ndiyo huo moshi. Dawa ni kushusha injini. Wiki mbili. Nikamwambia harusi ni Jumamosi. Akasema basi ahirisheni harusi.

Duka langu la viatu nimelifungua nusu saa tu. Muda uliobaki nimetazama video kwenye simu. Kumbe kuna watu wanakata mpira ule na kuweka kopo katikati! Mvuke unaingia kopo, unapoa, oili inabaki chini, hewa safi inaendelea na safari. Jambo jepesi namna hii, na Yordani anataka wiki mbili.

Kopo lazima liwe imara, lisivuje, liwe na kifuniko cha kukaza. Nyumbani kipo kitu kimoja tu cha namna hiyo: chupa ya chai ya wageni ya mke wangu Getruda, ya chuma tupu. Getruda alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikatoboa matundu mawili kwenye kifuniko, nikachomeka mipira, nikaifunga chupa kando ya betri. Inapendeza.

Jumatano, 10 Julai

Nimeendesha hadi Mnyuzi na kurudi. Moshi uleule. Ndani ya chupa hakuna hata tone. Nikakaa dukani nikawaza. Mvuke unatakiwa upoe. Chupa ya chai imetengenezwa ili kitu kisipoe. Kwa hiyo kosa ni la chupa.

Nikaiosha kwa sabuni, nikaziba matundu kwa nta ya mshumaa, nikairudisha kabatini. Jioni wakaja washenga kutoka Handeni, wakiongozwa na Mzee Mhina, baba mkubwa wa bwana harusi. Getruda akawamiminia chai. Kutoka chupa ileile. Mzee Mhina akanywa, akatazama ndani ya kikombe, akauliza kwa adabu kama hii ndiyo chai ya mashamba ya Vugiri. Nikasema ndiyo. Akaomba kikombe cha pili. Watu wa Handeni wamelelewa.

Getruda ameyaona matundu wakati wa kuosha vyombo. Amesema hataongea nami mpaka harusi ipite. Kwa kazi niliyo nayo, ukimya utanisaidia.

Alhamisi, 11 Julai

Jaribio la pili. Kopo la rangi, bati jembamba, linapoa haraka. Video inasema ndani uweke kitu cha kunasa mvuke, kama stilwaya ya kusugulia masufuria. Nikamtazama Getruda. Nikaiacha stilwaya yake mahali pake.

Ndipo nikapata wazo langu mwenyewe. Katani! Baba yangu alikata mkonge maisha yake yote. Nyumbani kwetu katani ilikuwa kamba, brashi, godoro, na wakati fulani nywele za mwanasesere wa dada Serafina. Haijawahi kumwangusha mtu wa ukoo huu. Nikaomba kiganja kimoja kwa jirani anayesokota kamba, nikaitandaza ndani ya kopo bila kuibana, nikafunga.

Safari ya Mnyuzi tena. Moshi hakuna! Nilisimama kando ya reli nikiitazama ekzosi yangu kwa muda mrefu, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ndani ya kopo kulikuwa na uji wa kijivu, oili na maji, karibu kikombe kizima. Yordani alikuja kuangalia, akakuna kichwa, akasema sawa, ila uji huo niumwage kila siku na katani nisiijaze sana. Wivu wa mafundi.

Ijumaa, 12 Julai

Ukaguzi. Dada alisimama nyuma ya gari na kitambaa cheupe, akaniamuru nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Kitambaa kikabaki cheupe. Hiza naye akainama kunusa, akainuka, akapangusa magoti. Emiliana akanikumbatia mbele ya kamati nzima.

"Nilijua utanipeleka wewe, mjomba," akasema.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Lakini Handeni si Mnyuzi. Ni mbali zaidi na kuna vilima. Nimepiga hesabu. Ikiwa kiganja kimoja cha katani kimemaliza moshi wa Mnyuzi, Handeni inataka vinne. Vitatu viliingia vyenyewe. Cha nne nimekishindilia kwa mchi wa Getruda. Bado haongei, kwa hiyo hakupinga.

Jumamosi, 13 Julai

Tulitoka asubuhi. Gari limepambwa maua, Emiliana amekaa nyuma na msimamizi wake Yasinta, Hiza anatufuata kwa mbali. Nilipiga honi kila penye watu, na mara chache pasipo na watu.

Kwenye kilima kabla ya Sindeni injini ikaanza kukoroma. Sikujali. Kisha mlio mmoja chini ya boneti, na moshi ambao sijawahi kuuona hata kabla ya kopo. Nikasimama, nikafungua. Katani ilikuwa imelewa oili na kuvimba, imeziba kopo lote. Injini ilikosa pa kupumulia, ikakitema kijiti cha kupimia oili. Kijiti sikukiona tena. Oili ikafuata palepale kilipotokea, nusu juu ya injini ya moto, nusu kwenye shati langu, tai na uso.

Hiza akasimama. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akafungua mlango wake wa nyuma, akatandika shuka safi kwenye kiti. Emiliana akashuka, ameshika gauni kwa mikono miwili. Nilishindwa kumtazama.

"Mjomba, padre anasubiri, inabidi nitangulie," akasema. "Lakini sishuki kwenye gari la baba mdogo mpaka ufike."

Wakaondoka. Nikabaki na maua.

Nilipata bodaboda. Nilipofika Handeni watu wote walikuwa nje ya kanisa. Hiza ameegesha mlangoni, Emiliana yuko ndani na vioo vimefungwa, padre anatazama saa. Dada Serafina alinikagua kuanzia juu hadi chini, akaninyooshea kidole mlango wa gari. Nikaufungua. Emiliana akanishika kiwiko kwa vidole viwili, mahali pekee pasipo na oili, tukaingia hivyo hadi mbele. Nililia. Waliouliza nimewaambia ni oili imeingia machoni.

Jumapili, 14 Julai

Gari langu limevutwa hadi gereji moja hapa Handeni, nami nabaki nalo. Fundi wa hapa naye anasema tatizo ni katani. Hawa mafundi wamesoma darasa moja. Tatizo ni kijiti. Kilikuwa kimelegea. Kingetulia mahali pake, kopo lingemaliza kazi.

Mchana huu Hiza alikuwa anawarudisha Korogwe dada Serafina na Getruda. Nilimfikiria sana ibadani. Aliniokoa bila kunisimanga, na alikuwa na kila sababu ya kunisimanga. Mtu wa namna hiyo haachwi hivihivi. Gari lake halitoi moshi, ni kweli, lakini hata langu halikuanza kwa kutoa moshi. Ufunguo alikuwa amenipa nimpakilie mizigo. Wakati wa mahubiri nikatoka taratibu.

Kopo jipya la rangi, nimelifunga chini ya boneti yake. Katani safi niliyokuja nayo kama akiba, viganja sita, yote imeshindiliwa. Kijiti chake nimekikaza kwa waya, hakitoki hata kwa koleo.

Sikumwambia, sipendi kujionyesha. Wameondoka saa nane. Getruda, ambaye sasa anaongea, alinipungia mkono dirishani. Wakifika kwenye kilima cha Sindeni, Hiza atajua mimi ni mtu wa namna gani.