Matembezi ya Mbizi, Mikono Mitupu

Jumapili, 2 Februari 2025

"Mtu wa huku haingii msituni ila ana shoka, au amepotelewa na ng'ombe. Kutembea kwa kutembea ni ugonjwa wa wageni." Kasema Beda, jirani yangu, nje ya kanisa, mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Katandala. Watu wakacheka. Mke wangu Avelina naye akacheka.

Uongo! Tena uongo wa kivivu. Kwanza, msitu wa Mbizi uko juu ya vichwa vyetu. Wageni ndio wanaotoka mbali. Pili, babu zetu walisimama ukingoni wakalitazama Ziwa Rukwa kule chini, na hakuna aliyethibitisha kwamba walishika shoka. Tatu, Beda hajafungua kitabu tangu amalize shule. Mimi nimesoma hadi vilivyokosa majalada.

Nimeanzisha Chama cha Watembezi wa Ufipa. Mwenyekiti: mimi. Wanachama: watapatikana.

Jumanne, 4 Februari

Hawapatikani. Loth kinyozi kauliza kama kuna posho. Silvana wa genge kauliza huko juu kuna msiba wa nani. Nikamjibu tunakwenda kuona mbega wekundu, ukungu na ziwa. Kanipa pole.

Taifa limelala! Nikalala na mimi kidogo mchana. Nikaamka na wazo. Pombe ya ulezi! Tuipike, tuialike Katandala, tuinywe tukirudi.

Nilitegemea vita nyumbani, maana limebaki gunia moja. Ajabu: Avelina kauliza tu kama kweli nitawaita watu kwa pombe, msimu huu, twende upande wa Mbizi. Nikasema ndiyo. Katabasamu. Miaka sijaona tabasamu lile. Kapima ulezi mwenyewe, kamwita jirani yetu Cornelia aje wauloweke pamoja.

Hatimaye kanielewa.

Alhamisi, 13 Februari

Mambo yanakwenda. Tangazo langu ni fupi: Jumamosi asubuhi, kwangu, twende upande wa Mbizi, pombe ipo. Wote wamekubali, hata Loth, hata mzee Adolfu mwenye goti bovu. Ndalahwa, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, kauliza kama tutafika hadi kwenye msitu mnene. Nimemwambia hadi ukingoni. Kafurahi sana. Huyo ndiye mtembezi wa kweli.

Mwenyekiti hawezi kupanda mlima bila fimbo. Nimechomoa mpini wa jembe langu. Mti mzuri, umelainika mikononi.

Avelina kanikumbusha shamba letu, lililo njiani kuelekea msituni. Nyasi zimefika kifuani, hatujainua hata tuta moja. Zisipofukiwa mvua ikiwa bado ipo, udongo unakuwa jiwe, na mwakani hatuli. Nimemwambia avute subira, Jumamosi kwanza. Kasema ndiyo, Jumamosi.

Jumamosi, 15 Februari

Andika, ewe mkono!

Wamekuja wengi. Kila mmoja na jembe begani! Nikadhani ni mzaha wa Beda. Tulipofika shambani kwetu wakasimama, wakavua makoti, wakagawana mistari. Mzee Adolfu alishatema mate viganjani.

Nikapanda juu ya kichuguu. Nikawaambia hakuna anayegusa udongo leo. Leo ni mlima, leo ni macho na mapafu!

Mzee Adolfu akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, pombe ni ya nini?"

Nikasema ya kufurahia.

Wakatazamana kama watu waliosikia tusi. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Ufipa anakijua: ukipika pombe msimu wa matuta ukaita watu, umewaita walime. Ningeweza kunyamaza. Shamba lingekwisha kabla ya jua kushuka. Avelina alikuwa kando ya njia na sufuria ya maharage, ananitazama, anatikisa kichwa polepole: nyamaza.

Lakini Beda naye alikuwa amesimama shambani kwake, ng'ambo ya mpaka wa shamba letu, ananisikiliza. Ningefanyaje? Nikasema, "Anayependa uhuru anifuate."

Akanifuata Ndalahwa peke yake.

Tukapanda. Utelezi. Siafu. Mbega hawakutokea. Ukingoni, ukungu mweupe tupu. Ziwa Rukwa lingeweza kuwa limehama. Nikamgeukia Ndalahwa nimweleze kuhusu subira ya mtembezi. Hayupo. Akatokea kwenye miti ya chini, anacheka peke yake, kalishika pembe dume lake jekundu la ng'ombe lililopotea wiki iliyopita.

Nimemwomba asimwambie Beda.

Tuliporudi, shamba letu lilikuwa vilevile. La Beda lilikuwa limejaa matuta ya duara, nyasi chini, udongo juu, hadi mpakani. Mitungi yetu ya pombe ilikuwa mitupu, na Loth anaimba. Mzee Adolfu kanieleza bila hasira kwamba pombe ilishapikwa, na yeye hajawahi kunywa pombe asiyoitolea jasho. Beda kawaonyesha pa kulitoa. "Ningelala vipi, mwanangu?"

Beda kaniita Mwenyekiti. Kalitazama dume la Ndalahwa, kisha mimi. Kisha kalipapasa lile dume mgongoni. Hiyo ndiyo iliyoniua.

Jumatatu, 17 Februari

Leo alfajiri Avelina kaweka mezani jembe langu lisilo na mpini, kando ya chai. Kisha katoka. Kaenda kwa Beda kuazima jembe. Namwona kutoka dirishani, peke yake, nyasi zimemfika kifuani. Mvua haijanyesha tangu Jumamosi.

Ningemsaidia. Fimbo yangu lakini imeshakaa sawa mkononi, na kosa nimelitambua: tangazo lilikuwa fupi mno.

Basi ninyi wa Katandala mliokunywa ulezi wangu, Loth, Silvana, nawe mzee Adolfu: jasho mlilitoa kwa Beda, kwangu hamjatoa kitu. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, njooni mnilipe matembezi yangu. Na majembe yaacheni nyumbani!