Salamu za Akiba

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Mbeya.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mwandishi wa barua mwepesi ni mwenye mkono mwepesi. Si kweli. Mkono wowote huchoka. Mwepesi ni yule anayeandika mara moja jambo ambalo wenzake huliandika mara mia. Nilifundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na tisa. Najua ninachosema.

Habari mbaya leo. Ndugu Andendekisye, mwenye duka mkabala na posta, ametuita mimi na Saulo, waandishi wawili tunaokaa barazani pake. Mkewe anataka kuweka cherehani hapo. Meza moja lazima iondoke. Ataamua Jumanne ijayo, na hataangalia umri wala elimu (hapo akanitazama mimi). Ataangalia foleni tu. Mwandishi ambaye watu wake wanaziba mlango wa duka ndiye atakayepisha. Wanunuzi wa chumvi na mafuta ya taa wamechoka kuruka miguu ya watu.

Niondoke? Niende wapi? Nyumbani kuna kiti, dirisha, na ukuta wa jirani. Bila meza ile mimi ni mzee anayemuuliza mkewe chakula kitaiva saa ngapi.

Nimetoa nakala za kaboni za barua zote za mwezi uliopita. Nimezisoma mojamoja. Ajabu! Zote zinaanza sawasawa. “Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yako wewe uliye mbali na macho yangu.” Mwisho nao ni uleule. Kinachobadilika ni mistari minne ya katikati. Kwa nini basi niandike kichwa na miguu kila siku, na mgonjwa ni tumbo peke yake?

Nimeandika barua sitini zenye pengo katikati. Matilda, mke wangu, ameuliza naandikia nani. Nimemwambia bado sijui. Ametikisa kichwa, akarudi kwenye maharage.

Jumanne, 5 Agosti.

Ushindi! Barua moja, dakika nne. Mteja anakaa, anasema shida, najaza pengo, bahasha, kwaheri. Wengine hawakuwahi hata kukaa.

Saulo, mwenye taipureta yake, bado anamuuliza mtu wa kwanza kama mtoto aliyeumwa surua alipona. Ndivyo afanyavyo huyu kijana wa miaka arobaini. Anauliza. Anasikiliza jibu! Kisha anauliza tena.

Mchana akanisogelea. “Shikamoo, Mwalimu. Hizo ni barua au maandazi? Naona zimeiva kabla mtu hajaagiza.” Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba mwenye njaa hulipenda andazi lililo tayari. Jibu zuri. Lilinijia baada ya robo saa, akiwa amekwisha kurudi mezani kwake, ikabidi nipaze sauti.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimegundua mwanya mwingine unaopoteza muda. Majina! Mtu wa huku hawezi kufunga barua bila kusalimia ukoo mzima. Nisalimie baba mkubwa, nisalimie shangazi na mguu wake, nisalimie jirani aliyenipa mbegu. Mbaya zaidi ni Mbuke, mke wa fundi wa reli. Kwao ni Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, karibu na Igawa. Majina kumi na tisa! Na kila jina lina kicheko chake na kisa chake. Mara ya mwisho alichukua dakika arobaini, watu wamejaa hadi ndani ya duka.

Dawa: kadi. Nimechukua nakala za zamani, nikanakili salamu za kila mteja wa kudumu kwenye kadi yake, nikazipanga kwenye kopo la biskuti kwa alifabeti. Sasa nitauliza swali moja tu. “Salamu kama kawaida?” Akijibu ndiyo, nanakili, tumemaliza.

Nilimwonyesha Andendekisye kopo. Alidhani nampa biskuti.

Alhamisi, 7 Agosti.

Pigo dogo. Barua zote sitini niliziandika tarehe kabisa siku ya Jumatatu. Kwa hiyo tangu juzi nimetuma barua za tarehe nne. Mzee Bartolomeo amekuja kulalamika. Aliandika kuomba radhi kwa ugomvi wa juzi Jumanne, na barua inaonyesha aliomba radhi siku moja kabla ya kugombana. Shemeji yake anasema basi alikuwa ameupanga ugomvi.

Halafu mtu mwingine alileta habari ya kifo, nami nikajaza pengo bila kusoma juu, ambapo nilikuwa nimeandika “Nina furaha kubwa kushika kalamu hii.” Nimemwandikia upya. Sasa nina aina mbili, za furaha na za msiba.

Somo ni hili, na nitalieleza polepole ili likae. Kila kitu kilichowekwa akiba kina umri wake. Maziwa hukaa siku moja. Mahindi hukaa mwaka. Chumvi haiozi. Basi mwenye akiba ajiulize: hiki ni maziwa, mahindi au chumvi? Tarehe ni maziwa. Nitaiandika siku ileile. Habari za hali ya hewa ni mahindi. Salamu na majina ya ndugu ni chumvi.

Nilimsomea Matilda. Aliniuliza, “Baba Esta, tangu lini watu wakawa chumvi?” Nikamweleza kwamba ni mfano. Akasema mfano anaujua, anauliza watu.

Wanawake wa Kihesa, kwao Matilda! Hawana subira ya kufundishwa.

Ijumaa, 8 Agosti.

Mbuke alikuja saa mbili. Macho mekundu, vumbi la Agosti, nadhani. Akasema ana msiba nyumbani, nimwandikie kaka yake Bujiku kwamba habari zimemfikia, naye atakwenda pale mume wake atakapopata ruhusa. Nikachomoa barua ya msiba. Sikuuliza nani kafa. Hiyo ni kanuni yangu mpya: usiulize ambalo halina pengo lake.

“Salamu kama kawaida?”

“Ndiyo, Mwalimu, lakini...”

Nilikuwa nimekwisha kunakili kumi na nne. Hiyo “lakini” ndiyo inayokula asubuhi za watu. Nikamwambia asijali, mama, yote yamo. Nikalamba bahasha. Akasimama kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akaipeleka kwa kondakta wa basi la Igawa. Dakika tano na nusu! Mbuke! Aliyekuwa akichukua dakika arobaini!

Andendekisye alitoka mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mlangoni peupe. Akasema, “Ndaga, Mwalimu.” Asante hiyo ya Kinyakyusa imenipa hamu ya kula.

Jumamosi, 9 Agosti.

Nimehudumia watu thelathini na wanne kabla ya saa sita. Upande wa Saulo, wanane, nao wamekaa chini, wanamenya machungwa. Andendekisye amesema kama Jumatatu itakuwa hivi, baraza ni langu. Nimempa Saulo pole mapema. Nimejitolea kumfundisha. Alisema atafikiria, kisha akamgeukia mteja na kumuuliza kama ng'ombe alipatikana.

Jumapili, 10 Agosti.

Kanisani. Sikutulia. Padri anasema maneno yaleyale kila Jumapili, na kila Jumapili anayasema upya tangu mwanzo. Nimehesabu: theluthi mbili za ibada zingeweza kuwekwa akiba. Matilda alinipiga kiwiko nilipotoa penseli.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu lilifika basi la Igawa. Akashuka mtu mrefu, mgolole mweusi, fimbo mkononi. Nyuma yake Mbuke, aliyekuja kumpokea, shuka kichwani, analia bila sauti. Mtu yule akasimama mbele ya meza yangu, akanisalimu kwa adabu zote. Shikamoo. Marahaba. Akasema jina lake ni Bujiku, na anamtafuta yule anayejua babu Ngolo anaishi wapi siku hizi.

Nikasema simjui babu Ngolo.

“Mbona umemsalimia?” Akafungua barua. Akamwomba mtu mmoja kwenye foleni aisome kwa sauti, kama ilivyosomwa nyumbani juzi mbele ya wazee, watu wako matangani, sufuria ziko motoni. Yule mtu akasoma. Juu: pole kwa msiba mzito uliotupata. Chini: nisalimie sana babu Ngolo, na umwambie apunguze ugoro, utamwua.

Kisha nyuma mtu akapiga chafya, na baraza zima likaangua kicheko, isipokuwa watu wawili.

Babu Ngolo ndiye aliyekufa. Siku kumi na mbili zilizopita. Ndiye aliyemlea Mbuke. Wazee walisema binti anamcheka marehemu, asikanyage kaburini. Kwamba babu amekufa, hiyo ndiyo iliyokuwa “lakini” ya Mbuke.

Bujiku hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Akasema, “Babu ameshindwa kuja kuchukua salamu zake, Mwalimu. Miguu imegoma. Katutuma sisi.” Nikaanza kumweleza habari ya maziwa, mahindi na chumvi. Nilipofika kwenye mahindi, Mbuke alisema, “Nilitaka kukwambia. Ulilamba bahasha.”

Nikatafuta mfuniko wa kopo. Dakika moja nzima, nadhani.

Wakati huo habari ilikuwa imevuka barabara. Watu walitoka posta. Walitoka sokoni. Fundi baiskeli alikuja na gurudumu mkononi. Walijaa ngazi, walijaa mlango, na Andendekisye alikuwa ndani ya duka lake, anagonga dirishani, hawezi kutoka. Foleni ndefu kuliko zote tangu baraza lijengwe, na yote ilikuwa yangu!

Saulo alimpa Mbuke kiti. Akamuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Akauliza nani alikuwepo. Akataka jina la kila mzee mmojammoja, na kwa kila jina akauliza: yupo? mzima? tumwambie nini? Mbuke akasema, akalia, mwishoni akacheka kidogo kwa habari ya ugoro. Taipureta ilianza kulia baada ya nusu saa. Saa moja nzima kwa barua moja! Hakuna aliyelalamika; walikuwa wanasikiliza. Bujiku akasomewa mara mbili, akaikunja, akasema hii ataipeleka mwenyewe, nayo isomwe mbele ya wazee. Mbuke ataruhusiwa kufika kaburini.

Nilimwomba radhi Mbuke. Alisema, “Yameisha, baba.” Aliitikia akitazama kopo la biskuti.

Jumanne, 12 Agosti.

Cherehani imefika. Meza yangu niliibeba mwenyewe hadi stendi ya mabasi, ukutani pa choo cha abiria. Upepo si mzuri, lakini watu hupita wengi, na hupita kwa haraka.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Kosa lilikuwa dogo sana: niliweka akiba ya walio hai, sikuweka akiba ya wanaokaribia. Msiba wa babu Ngolo ulinikuta sina barua yenye jina lake! Dawa ni nyepesi. Kila mzee aliyezidi miaka sitini katika kadi zangu aandikiwe rambirambi yake sasa hivi, kwa jina lake, na sifa zake, pengo libaki la tarehe tu. Siku ikifika, dakika mbili. Nimeanza na baba mkwe wangu kule Iringa, miaka sabini na minane. Imetoka nzuri mno. Matilda ameiona juu ya meza. Tangu asubuhi sijaletewa chai. Nadhani bado anaisoma.

Kazi ya leo, kabla ya saa sita: andika majina ya wazee wote unaowafahamu, na umri wa kila mmoja.