Miwani ya Mama Watoto na Kodi ya Riba

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Nimeshinda benki. Foleni mpaka mlangoni, wastaafu watupu, kila mmoja na kikohozi chake. Riba ya mwezi ya akiba yangu imeingia. Lo! Kodi imeshapita, imemega, imekwenda zake, wala salamu haikuacha. Na riba hiyo ndiyo ilikuwa imalizie bei ya miwani ya mama watoto. Siku hizi anashona kwa kukisia. Juzi mfuko wa shati la mteja kaupachika mgongoni.

Akiba yenyewe haiguswi, nimemwambia, ni ya uzeeni. Akauliza uzee unaanza lini. Nikamwomba asubiri kidogo. Akasema amezoea. Heri angenifokea.

Jumanne, 4 Machi
Nimekutana na Mkaguzi kwenye duka la dawa. Tulifanya kazi ofisi moja, mimi stoo, yeye ukaguzi, na mpaka leo ananikagua. Akataka kujua kama na mimi ni wale wastaafu wanaosaini benki kwamba kipato chao ni kidogo, ili riba yao isikatwe kodi. Nikamjibu, thubutu! Kodi nalipa, hata sihisi. Uongo mtupu. Nilikuwa nimekwenda kwa miguu kwa kukosa nauli.

Ila kaniachia wazo. Shemeji, kaka yake mama watoto, pensheni yake ni ya kutia huruma, naye alishasaini zamani. Riba yake hutoka nzima. Basi nihamishie akiba yangu kwake! Kodi ije ikute patupu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki chache, lakini zinajituma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimehamisha zote. Shemeji alikubali haraka mno, sikupenda. Tulipoagana akanishika bega na kuniasa nisiwe na matumizi mabaya. Mimi! Mama watoto aliuliza kwa nini nisisaini tu kama kaka yake. Nikamwambia mambo ya fedha ni marefu.

Jumatatu, 31 Machi
Balaa! Shemeji kaja analia. Riba yangu imekatwa kodi. Na ya kwake imekatwa! Karani wa benki kamweleza kwamba msamaha ni wa mstaafu ambaye kipato chake hakifiki kiwango. Sasa pensheni yake, riba yake na riba yangu, ukijumlisha, zimemvusha. Serikali inamhesabu miongoni mwa wenye nazo. Alilia kweli, ila nilimwona pia akinyoosha kola.

Alitaka nimfidie alichokatwa. Nimemfidia, kutoka fungu la miwani. Tuko nyuma ya tulipoanzia.  Mama watoto alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, uzi unapita pembeni, anarudia, unapita pembeni. Nikamtungia mimi. Nilijionea aibu, na sikumwambia.

Jumanne, 1 Aprili
Benki tena, mimi, shemeji na mama watoto, kurudisha akiba yangu. Karani akaniuliza pensheni yangu ni kiasi gani. Nikamnong'oneza. Akanitazama kwa huruma, akasema, mzee wangu, wewe mwenyewe ulistahili msamaha tangu ulipostaafu. Saini tu, na riba itatoka nzima.

Nikashika kalamu. Nyuma yangu mtu akakohoa. Mkaguzi!

Kalamu nikaiweka chini. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba kijana amenifananisha, mimi si mtu wa kipato kidogo. Karani akaanza kuitaja pensheni yangu. Nikakohoa mimi pia, kwa nguvu, nikatoka kifua mbele. Nje nikakaa kwenye ngazi. Nikawasubiri hapo.

Walipotoka, shemeji alisema akiba amemhamishia dada yake. Na mama watoto, mstaafu kama mimi, alikuwa ameshasaini. Bila kukohoa!

Jumatano, 30 Aprili
Riba imetoka nzima. Mama watoto ameongezea fedha za ushonaji, leo amevaa miwani. Akanitazama muda mrefu. Akasema kumbe nimezeeka hivi, pole baba. Kisha akacheka mpaka akaivua kufuta machozi. Nilifurahi, sikatai. Miezi mingapi sijamsikia akicheka!

Halafu akanirudishia nusu ya akiba. Mtu mzima hakosi chake, akasema, ila wiki hii hii nikasaini. Wala hakuna aibu, siku ile Mkaguzi naye alikuja kusaini, tena kalamu aliiazima kwake, mama watoto.

Mkaguzi! Maskini wa watu, na suti yote ile. Nikamwahidi mama watoto kwamba nitalifikiria.

Nimeshalifikiria. Niende kujiandikisha mnyonge, karani yule yule ananitazama? Haiwezekani. Lakini riba ya Mkaguzi sasa hutoka nzima. Kesho asubuhi nitampelekea nusu yangu anitunzie kwenye akaunti yake. Nitamwambia si zangu, ni za rafiki yangu mmoja, mstaafu, kipato chake kidogo.